Kiwanja Hakiishii Ukutani

Gereza la kwanza nililowahi kuingia nililipia kiingilio. Lilikuwa Changuu, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ambacho watembeza watalii hukiita Prison Island. Mhariri wangu alitaka makala ya utalii, maneno mia sita na picha mbili za kobe. Gereza la pili niliingia miezi michache baadaye. Huko hapakuwa na kiingilio. Niliacha simu na kitambulisho getini, nikapekuliwa mpaka ndani ya viatu, nikaambiwa nisimame kwenye mstari. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ndani, mahabusu.

Tangu hapo sijui kulipita gereza bila kulitazama. Sitazami bendera wala askari wa getini. Natazama kiwanja. Liko juu ya kilima au bondeni? Madirisha yameelekea wapi? Kituo cha daladala kiko umbali gani? Rafiki yangu mmoja ambaye ni msanifu majengo ananicheka, anasema nimekuwa mkaguzi asiye na cheo. Lakini ni yeye aliyenifundisha.

Nianze na Changuu. Gereza lile lilijengwa mwaka 1893 kwa mpango wa Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Kabla ya hapo kisiwa kilishawahi kutumika kuwafungia watumwa, kwa hiyo wazo la kuweka watu pale halikuwa geni. Ukisimama ufukweni unaelewa mara moja kwa nini mtu angependa kiwanja kile. Mawe ya matumbawe yako pale pale chini ya miguu. Mji unaonekana kwa macho, kwa hiyo kupeleka askari na chakula si kazi kubwa. Halafu kuna bahari pande zote, ukuta usiohitaji tofali wala mlinzi wa zamu ya usiku. Kwenye karatasi, ni kiwanja ambacho kila mpangaji wa gereza angekipigia magoti.

Kilichotokea ni kwamba gereza lile halikumfunga mhalifu hata mmoja. Likageuzwa karantini. Abiria wa meli waliohofiwa kuwa na magonjwa kama homa ya manjano walishushwa pale wakae siku zao kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Mwaka 1919 wakaja kobe wakubwa, zawadi kutoka Ushelisheli, na wajukuu wao ndio wanaolishwa majani na watalii leo. Niliandika hayo yote kwenye makala yangu, nikaweka mzaha kwamba wafungwa pekee wa Changuu ni kobe, na wao wamefungwa maisha. Mhariri alicheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha mdogo wangu akakamatwa.

Sitaeleza kesi yenyewe, kwa sababu si yangu peke yangu. Niseme tu kwamba alikuwa na wenzake watatu kwenye kijiwe cha bodaboda, pikipiki moja ilikuwa ya wizi, na polisi waliwabeba wote. Alikaa mahabusu miezi kumi na moja. Kila tulipokwenda mahakamani tulisikia sentensi ile ile ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale anaijua kwa moyo: upelelezi haujakamilika. Mwishowe kesi ikafutwa, akatoka na mfuko wa plastiki wenye fulana mbili na kandambili.

Katika miezi ile kumi na moja nilikuwa nakutana na rafiki yangu msanifu karibu kila Jumamosi jioni. Tulisoma chuo miaka ile ile, tukapanga chumba kimoja, mimi nikienda kwenye habari na yeye kwenye majengo. Siku moja nilimkuta ametandaza karatasi kwenye meza ya mama lishe, sahani ya wali ameisukuma pembeni. Alikuwa akiwaandalia wanafunzi zoezi: buni jengo la mahabusu kwa mji wa pwani, kwenye kiwanja hiki hapa, kwa namna inayokubaliana na kiwanja chenyewe.

Nilimuuliza kwa hasira kidogo, jela inakubalianaje na kiwanja? Kiwanja kinaulizwa?

Akasema ndiyo, kinaulizwa, na wengi wanakosea kwa sababu hawakiulizi. Wanachukua mchoro uliochorwa kwa ajili ya nchi ya baridi, au wa bara kwenye upepo na vumbi, wanaubandika pwani. Akachukua kalamu akanionyesha. Dar es Salaam iko karibu sana na ikweta, nyuzi 7 hivi kusini. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, hilo unalizuia kwa paa zuri lenye dari na kingo pana. Jua linaloua ni la asubuhi na la jioni, linalokuja chini chini kutoka mashariki na magharibi na kuingia hadi ndani. Kwa hiyo unalaza jengo refu lielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zinazopokea jua la ubavuni. Ukuta wa tofali za saruji ulioelekea magharibi hunywa joto mchana kutwa, kisha unawatapikia waliolala ndani usiku kucha.

Kisha upepo. Pwani yetu ina Kaskazi na ina Kusi, na nahodha yeyote wa jahazi anajua kila mmoja unaanza mwezi gani. Jengo la pwani lisilo na matundu pande mbili zinazotazamana halipumui. Kwa gereza, alisema, kuna mtego: ukuta wa nje ukiwa mrefu na ukiwa karibu mno na mabweni, unakata upepo wote kabla haujafika dirishani. Unaweza kuweka madirisha mazuri na bado watu wakose hewa. Dawa yake ni kuusogeza ukuta mbali, au kuinua matundu juu chini ya paa, au kuyapanga mabweni kuzunguka ua ili upepo upate pa kushukia.

Kisha maji. Mvua ya masika inakwenda wapi? Choo cha watu mia tano kinamwaga wapi kama udongo ni mfinyanzi usiofyonza? Hayo yote kiwanja kinayasema, ukikisikiliza.

Nilimsikiliza, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kumwona mdogo wangu katikati ya karatasi ile.

Baada ya kutoka alinieleza mwenyewe. Hakuwahi kusoma usanifu, aliishia kidato cha nne, lakini alijua ramani ya bweni lao kuliko aliyelichora. Walilala kwa ubavu, mtu akigeuka safu nzima inageuka. Dirisha lilikuwa moja upande mmoja, na mlango wa nondo upande ule ule. Karibu na mlango alilala nyapara na watu wake. Waliofuata ni wenye ndugu wanaoleta vitu. Wageni na wasio na mtu walipelekwa ndani kabisa, kwenye kona iliyo jirani na ndoo. Akaniambia, “Dada, kule upepo ni mali. Unauzwa kwa sabuni.”

Sentensi ile sijaisahau. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mamlaka na adhabu, chuoni walitulazimisha kusoma habari za Jeremy Bentham na gereza lake la duara ambamo mlinzi mmoja katikati anawaona wote bila kuonekana. Lakini hakuna aliyenieleza kwa ufupi kama mdogo wangu jinsi mchoro unavyotengeneza watawala. Serikali haikumpa nyapara upepo. Fundi alitoboa dirisha moja badala ya mawili, na dirisha lile likatengeneza matajiri na maskini ndani ya chumba kimoja.

Wala askari hawakusalimika. Nilimwona mmoja getini, kijana wa umri wa mdogo wangu, amesimama kwenye kibanda cha bati kilichoelekea magharibi, saa tisa alasiri, kola imelowa chapachapa. Aliponifokea nilimkasirikia. Sasa namkumbuka kwa huruma. Na yeye kiwanja kilimpiga.

Nilianza kusoma historia za magereza, na jambo moja lilinishtua. Wakoloni walikuwa hodari sana wa kusoma kiwanja, ila swali walilokuwa wakikiuliza lilikuwa tofauti na la rafiki yangu. Jomo Kenyatta na baadhi ya wenzake walipohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Kenya, jangwani Turkana. Huko hakuhitajiki ukuta mrefu. Mtu akitoroka atakwenda wapi? Katika miaka ile ile ya Hali ya Hatari kulikuwa na kambi za vizuizi kisiwani Manda, jirani na Lamu, na kisiwani Mageta katika Ziwa Victoria. Jangwa, bahari na ziwa viliajiriwa kuwa askari. Ni hesabu ile ile ya Changuu.

Na baada ya uhuru hatukuacha ustadi huo. Nairobi kuna Nyayo House, jengo refu la ofisi za serikali katikati ya jiji. Miaka ya 1980 watu walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa katika vyumba vya chini ya jengo lile, huku juu yao makarani wakigonga mihuri na raia wakipanga foleni. Pale kiwanja kilichaguliwa kwa kinyume: badala ya kumficha mtu mahali ambapo hakuna watu, unamficha chini ya nyayo za watu.

Kwa hiyo si kweli kwamba magereza yetu hayakuzingatia kiwanja. Yamezingatia mno. Yaliuliza, “Mahali hapa patatusaidiaje kumtenga mtu huyu?” Na mahali pakajibu.

Hata neno lenyewe lina historia ya kiwanja. Wanaojua asili ya maneno wanasema gereza limetoka kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walijenga ngome zao pwani na makanisa ndani yake. Pale Kilwa Kisiwani, ambako walifika kwa silaha mwaka 1505, ngome iliyosimama ufukweni mpaka leo inaitwa Gereza. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa juu ya mwamba wa matumbawe kati ya 1593 na 1596, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Yaani jengo lilianza likiwa la kuwazuia watu wasiingie, likamalizia kwa kuwazuia wasitoke, na kuta hazikuhitaji kubadilishwa. Ukuta haujali uko upande gani.

Sasa nije kwa mama.

Mama alikwenda kumwona mwanawe kila wiki siku ya kuonana. Alikuwa akiamka saa kumi usiku kupika. Anapanda daladala ya kwanza, anashuka, anapanda ya pili, anashuka, anapanda ya tatu, kisha kipande cha mwisho ni bodaboda au miguu, kutegemea kilichobaki kwenye pochi. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula faida yake ya siku mbili za kuuza maandazi. Akifika anakaa nje ya ukuta, chini ya mwembe, pamoja na akina mama wengine wenye vikapu. Hapakuwa na benchi wala choo. Mvua ikinyesha wanajifunika khanga. Zamu yake ikifika anaambiwa aonje kwanza chakula mbele ya askari, anaonja, anapewa dakika chache za kuongea kwa sauti ya juu kupitia wavu, pamoja na watu wengine kumi wanaoongea kwa sauti ya juu. Basi, anageuza.

Mwezi wa saba alianza kukosa wiki moja moja. Miguu ilivimba. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba wiki mama asipofika alikuwa anasogezwa nafasi mbili ndani, kuelekea kwenye ndoo, kwa sababu sabuni haijafika. Fikiria hilo. Magoti ya mama yangu, foleni ya daladala asubuhi na nafasi ya mwanawe mbele ya dirisha vilikuwa kitu kimoja.

Umoja wa Mataifa uliyaona haya. Desemba 2015 Baraza Kuu lilipitisha kanuni mpya za namna ya kuwatunza wafungwa, zikapewa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 14 inataka madirisha makubwa ya kutosha mtu asome kwa mwanga wa jua, na yenye kuingiza hewa safi. Kanuni ya 59 inataka mfungwa awekwe, kadiri inavyowezekana, karibu na nyumbani kwake. Nilipozisoma nilimpigia simu rafiki yangu usiku. Nikamwambia, “Moja ni ya dirisha, nyingine ni ya nauli. Wewe umenifundisha ya dirisha tu.”

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia habari za Norway.

Najua utasema Norway ni matajiri, hatufanani nao. Nami nilimwambia hivyo. Lakini sikiliza kwanza. Gereza la Halden, lililofunguliwa mwaka 2010 kwa wafungwa 250 hivi, limejengwa ndani ya msitu. Wasanifu hawakusafisha eneo lote kama ilivyo kawaida. Waliacha misonobari na mibetula, wakaacha vilima vilivyokuwepo, ili mtu atembee kutoka anakolala kwenda anakofanyia kazi akiona majira yanabadilika. Ukuta upo, una mita 6, haukimbiliki. Lakini miti inausitiri, na madirisha hayana nondo.

Kilichonigusa zaidi ni Bastøy, kisiwa kidogo kwenye ghuba ya Oslo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa mahali pa kuwarudi watoto wa kiume watukutu, pakali kiasi kwamba mwaka 1915 watoto waliasi na serikali ikatuma wanajeshi. Leo kisiwa hicho hicho ni gereza la wazi. Wafungwa wanalima na kufuga, na kivuko kinachokwenda nchi kavu kinahudumiwa na wafungwa wenyewe. Bahari ni ile ile, na umbali haujapungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni swali walilokiuliza kisiwa. Zamani bahari ilikuwa ukuta. Sasa ni njia, na anayekushika mkono kukupandisha kwenye chombo ni mfungwa.

Kwa hiyo sidhani ni suala la fedha peke yake. Kulaza jengo lielekee kaskazini na kusini hakuna gharama ya ziada, na tundu la pili kwenye ukuta wa mkabala ni punguzo la tofali. Mwembe uliokuwepo kabla ya gereza haununuliwi, unahitaji tu asitokee mtu wa kuukata.

Jumamosi iliyofuata rafiki yangu alikuja na karatasi yake. Nilimwonyesha duara dogo lililochorwa nje ya mstari wa ukuta, nikamuuliza ni nini. Akasema ni mti, mpima ardhi ameuonyesha tu, uko nje ya kiwanja. Nikamwambia huo ndio mwembe anaokaa mama. Hakujibu. Alivuta mstari kwa kalamu nyekundu, kutoka kituo cha daladala mpaka kwenye mti, na kutoka kwenye mti mpaka chumba cha kuonana, akaandika kando yake kwa herufi ndogo: kivuli, maji, choo, benchi. Akasema zoezi limebadilika, wanafunzi wataanzia hapo, nje, kisha waingie ndani.

Sijui kama mchoro ule utakuja kuwa jengo. Mazoezi ya wanafunzi huishia kabatini. Lakini nimebaki na imani hii: kiwanja cha gereza hakiishii ukutani. Kinafika hadi kwenye kibaraza anapokaangia maandazi mama wa aliyefungwa. Anayechora bila kupima mpaka pale amepima nusu ya kiwanja, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayobeba mzigo.

Mwaka jana, mdogo wangu akiwa ameshatoka na amepata kazi gereji, nilimpeleka mama Zanzibar. Alikuwa hajawahi kufika. Tulipanda mashua kwenda Changuu, akawalisha kobe, akacheka kama mtoto. Kisha akasimama mbele ya lile jengo la mawe kwa muda mrefu, ameshika kiuno, anatazama bahari tuliyoivuka.

“Sasa ndugu zao wangepita wapi?” akauliza.

Kijana wa mashua akamwambia kwa upole, “Hapa hakufungwa mtu, mama. Ilikuwa karantini tu.”

“Nimesikia,” mama akasema. “Lakini aliyekuwa anajenga hakulijua hilo.”